Panabana Wapi?

Maoni ya kwanza mabaya kuhusu gemu yetu yalinipata Hurlingham, ndani ya 46, nimebanwa dirishani na jamaa aliyebeba trei tatu za mayai. Nyota moja. Chini yake maneno haya: "Gemu si mbaya lakini huyo mathe wa forty bob mtoeni. Anaboo."

Tulipofika Yaya nilikuwa nimeyasoma mara nne. Tulipofika Valley Arcade nilikuwa nimeshamwandikia patna wangu: "Tumtoe?" Alijibu kabla sijashuka: "Mtoe." Usiku huohuo mathe akatoka. Ilituchukua kama dakika ishirini kumfuta mtu ambaye nilikuwa nimemwandika kwa miezi miwili.

Gemu yenyewe inaitwa Donda. Kama wewe si wa Nairobi, donda ni makanga, yule anayening'inia mlangoni mwa matatu, anayeita abiria na kukusanya nauli. Kwa mamangu, aliyesoma Kiswahili cha shule na kukishika, donda ni kidonda kikubwa. Nilipomwambia jina aliacha kukanyaga cherehani, akanitazama juu ya miwani.

"Umetengeneza mchezo wa kidonda?"

"Ni wa matatu, mum."

"Sawa. Hata hiyo ni kidonda."

Inachezwa hivi. Unaanza saa kumi na moja na nusu asubuhi Kawangware, gari tupu. Abiria wanaingia, kila mmoja na noti yake. Kazi yako ni kukumbuka nani amelipa, nani anadai chenji, na nani anajifanya amelala. Ukifika tao na hesabu ya mwenye gari haijatimia, siku imeharibika. Hakuna risasi wala mbio za magari. Ni kichwa chako tu, kidole gumba, na watu kumi na wanne wenye haraka.

Katika kila safari ya tatu anaingia mama mwenye mfuko wa vitambaa. Nauli ni hamsini, yeye ana arobaini. Unaweza kumshusha, au unaweza kumwacha akae. Ukimwacha, umepoteza kumi. Hupewi pointi, hupewi moyo mwekundu, hakuna muziki mtamu wa kukusifu. Kumi imeenda, na safari inaendelea.

Huyo ndiye aliyekuwa anaboo.

Hapa nieleze kwa nini nilimtoa haraka hivyo. Niliacha chuo mwaka wa tatu, muhula wa pili. Nikiulizwa nasema ilikuwa karo, na karo ilikuwepo kweli, lakini ukweli mwingine ni kwamba nilikuwa tayari ninaandika kwa pesa na nikaona lecha zinanichelewesha. Tangu hapo ninaandika chochote kinacholipa: maelezo ya viatu vya kuuzwa mtandaoni, hotuba ya harusi ya mtu nisiyemjua, na zaidi ya yote insha za wanafunzi wa Marekani na Uingereza. Vijana wengi wa Nairobi wanaijua hii kazi hata kama hawaitaji mezani wakiwa na wazazi. Mimi niliyeshindwa kumaliza digrii moja nimeshamaliza vipande vya digrii ya uuguzi, ya biashara, na ya historia ya sanaa.

Katika kazi hiyo kuna neno moja la kutisha: rivisheni. Klaenti hakuelezi shida iko wapi. Anakuandikia tu, "Sijapenda, fanya upya," saa nane usiku kwa saa zetu. Ukibishana, anakupa nyota mbili. Nyota zikishuka, kazi hazikufikii tena, na kodi haingoji. Kwa hiyo unajifunza kufanya upya. Unabadilisha aya ambayo ilikuwa nzuri, unafuta sentensi uliyoipenda, unarudisha, unashukuru. Miaka mitatu ya hiyo kazi imenifunza kutii kabla sijaelewa.

Basi mchezaji wa kwanza aliponiambia mtoe, nilisikia klaenti.

Na tuliendelea kutii. Tulikuwa tumeiweka Donda kwenye Play Store mwezi wa nne ikiwa na MB 31. Wiki ya kwanza watu mia mbili na kitu waliipakua, wengi wao marafiki wa marafiki. Mmoja alitaka kuwe na polisi. Tukaweka polisi. Mwingine alitaka polisi wahongwe. Tukaweka hongo. Mwingine akasema hongo inafunza watoto tabia mbaya, tukaweka kitufe cha kuizima hongo. Mtu akasema anataka kuendesha gari mwenyewe, si kukusanya pesa. Patna akakesha wiki tatu akijenga barabara, kuanzia Gitanga Road hadi katikati ya jiji, pamoja na mashimo. Wengine wakataka ngoma, taa za bluu, michoro ya wachezaji wa mpira ubavuni mwa gari, na orodha ya wanaoongoza.

Kila tulipotii, nyota zilipanda. Tulitoka 3.2 tukafika 4.1. Nilikuwa naamka na kuangalia nyota kabla ya kupiga mswaki.

Mwezi wa nane nikapeleka toleo jipya kwa kibanda cha pleisteshen kilicho karibu na nyumbani, Kawangware. Ni chumba cha mabati chenye skrini nne, ambapo mechi moja ni mbao na mchezo wa mpira bado unaitwa FIFA hata baada ya EA na FIFA kuachana na jina kubadilika mwaka 2023. Hapo ndipo vijana wa kwanza walipoijaribu Donda kabla haijatoka. Nilitaka waone tulikofika.

Wa kwanza alisema simu imekataa, imejaa. Wa pili aliuliza ni MB ngapi.

"Mia moja themanini."

Akacheka. "Buda, hiyo ni bando yangu ya wiki."

Wa tatu ni kijana anayesukuma mkokoteni wa maji asubuhi na kuja hapo jioni. Yeye alikuwa bado na toleo la kwanza kabisa. Hakuwahi kusasisha, hakuwahi kuandika maoni, hakuwahi kubofya nyota hata moja. Alinionyesha simu, kioo kimepasuka kona. Alikuwa amefika siku ya 112.

Sisi wenyewe hatukuwa tumepita siku ya arobaini.

Nilitoka pale nikiwa na hesabu mpya kichwani. Wale waliotuandikia maoni walikuwa na kitu kimoja kilichowaunganisha: walikuwa na bando ya kutosha kuandika. Walikuwa na simu zenye nafasi. Pengine walikuwa na waifai kazini au nyumbani. Yule wa siku ya 112 hakuwa kwenye hesabu yetu hata kidogo, na sisi tulikuwa tumejenga gemu mpya juu ya kichwa chake, nzito kiasi kwamba yeye asingeweza kuingia.

Kesho yake tulikutana na patna Jeevanjee Gardens, kwenye benchi, na tukagombana kama watu waliooana.

Yeye alisema gemu ni ya anayecheza. Alikuja na mifano, maana anajua kubishana. Minecraft ilianza kuuzwa mwaka 2009 ikiwa haijakamilika, watu wakaicheza, wakalalamika, wakapendekeza, na toleo kamili likatoka Novemba 2011. Angalia ilipofika. Kisha akaleta mfano wa nyumbani. Mwaka 2014 serikali iliagiza nauli za matatu zilipwe kwa kadi. Kadi za BebaPay, za Google na Equity, zilikuwa zimeingia mwaka uliotangulia. Mpango mzima ukakwama. Abiria wengi walibaki na pesa zao mkononi, makanga wakabaki na mikono wazi ya kuzipokea, na mwaka 2015 BebaPay ikafungwa. "Hiyo ndiyo gemu iliyotengenezwa bila kuuliza donda," akasema. "Unataka tufanye hivyo?"

Mimi nilisema kuna vitu ambavyo hakuna mtu angeviomba. Mwaka 2007, mwaka uleule M-Pesa ilipoanza, Wesley Kirinya alitoa The Adventures of Nyangi hapa Kenya, gemu ya pande tatu kuhusu msichana anayetafuta vitu vya kale vya Kiafrika. Ungesimama Moi Avenue mwaka huo ukauliza vijana mia moja wanataka gemu gani, wangekuambia mpira na magari. Hakuna ambaye angesema Nyangi. Mwaka 2015 Andrew Kaggia na Black Division Games wakatoa Nairobi X, viumbe wa anga za juu wanavamia jiji hili letu na wewe unalilinda kwa bunduki. Nani aliomba? Halafu, kwa kuwa yeye alileta matatu, nami nikaleta matatu. Sheria za Michuki za mwaka 2004, mikanda na vidhibiti mwendo na ule mstari wa manjano. Wenye magari na makanga wao walizipinga hadi wakagoma. Michuki angewafuata, tungekuwa bado tunasafiri tumesimama, kichwa kimeinama chini ya paa.

Patna akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Michuki alikuwa waziri. Wewe hata digrii huna."

Hakukusudia. Najua hakukusudia kwa sababu aligeuka upesi kuangalia njiwa. Lakini lilikuwa limeshatoka, na lilinipata mahali penyewe. Kwa sababu swali lililokuwa chini ya ugomvi wote ni hilo: mimi ni nani hata nimkatalie mtu aliyecheza kitu changu akasema hakifai? Mtu mwenye cheti ana kitu cha kusimamia. Mimi nilikuwa na mama wa arobaini bob niliyekuwa nimeshamfuta.

Nilitembea hadi stage bila kuaga vizuri.

Mamangu anashona nguo katika kibanda chenye upana wa cherehani mbili, upande wa Congo, hapohapo Kawangware. Jioni huwa namsaidia kufunga. Siku hiyo nilipofika kulikuwa na mteja, mwanamke aliyevaa gauni jipya la harusi ya dada yake, la kitenge, amekasirika. Mteja alikuwa na maagizo. Alitaka mama akate kwapani, aondoe kitambaa, kwa sababu mkono haupandi.

"Panabana wapi?" mama akauliza.

"Hapa kwa kwapa, nimekuambia. Kata hapa."

"Inua mkono. Sasa huo mwingine. Sasa jifanye unabeba mtoto."

Mwanamke akabeba mtoto wa hewa. Mama akapita nyuma, akaweka vidole viwili katikati ya mabega, akaguna. Hakugusa kwapa. Alimvua gauni, akafungua mshono wa mgongoni, akaachia kitambaa alichokuwa amekikunja ndani, akashona tena. Mteja akavaa, akainua mikono yote miwili kama mtu kanisani. Akacheka. Akalipa.

Alipoenda nilimuuliza mama kwa nini hakukata pale alipoambiwa.

"Ningekata pale ningeharibu nguo," akasema. "Mteja hajui kushona, ndiyo maana amekuja kwangu. Lakini mwili ni wake. Akisema panabana, panabana. Huwezi kumwambia habaniki."

Aliendelea kuokota vipande vya nyuzi sakafuni. Sidhani alijua alichokuwa amenipa.

Nikawaza maoni yetu yote kwa jicho hilo. "Mtoe mathe" yalikuwa maagizo ya mkasi: kata hapa. Mimi nilikata. Sikuwahi kuuliza panabana wapi.

Jumamosi nilirudi kwenye kibanda cha pleisteshen na simu yangu ya zamani, yenye toleo la kwanza, na daftari. Nilikuwa nimesoma kwamba waliotengeneza Half-Life, iliyotoka mwaka 1998, walikuwa wanaketi nyuma ya watu wanaoijaribu na hawaruhusiwi kusema neno, hata mtu akipotea kabisa, hata akigongagonga ukuta ambao mlango wake uko wazi pembeni. Wanaandika tu. Nikaona hiyo naiweza, mradi nifunge mdomo.

Nilipofika, stima ilikuwa imepotea. Skrini zote nne nyeusi. Vijana walikuwa wametoa karata na wanataka kucheza kadi. Na kama umewahi kucheza kadi Kenya unajua kinachotangulia: mabishano. Tatu inalisha tatu au hailishi? Joker ni tano? Mtu anaweza kumalizia na swali? Ukisahau kusema "niko kadi" unaokota ngapi? Kila mtaa una sheria zake, kila shule ya bweni ilikuwa na zake. Hakuna kampuni iliyoitengeneza hii gemu. Imetengenezwa na wachezaji wenyewe kwa miaka, kwa kelele, na ni tamu kuliko nyingi zenye bajeti.

Nikafikiri, basi patna ameshinda. Hii hapa gemu iliyojengwa kwa maoni matupu.

Lakini niliwaangalia vizuri. Aliyependekeza sheria alikuwa anaketi kuicheza. Kama sheria yake ni ya kijinga, ilimuumiza yeye mwenyewe raundi ileile, na wenzake wakamcheka usoni. Mmoja alitaka mbili zisilishe. Walikubali, wakacheza raundi moja, ikawa haina ladha, na yeye ndiye aliyesema turudishe. Hakuna aliyetoa maoni halafu akaenda zake. Aliyetuachia nyota moja hakuwa amekaa nasi kwenye mzunguko, na wala halikuwa kosa lake. Sisi ndio hatukuwa tumemwekea kiti.

Walipochoka na kadi nikatoa simu. Nikampa wa kwanza, nikakaa nyuma yake, nikafunga mdomo.

Ilikuwa mateso. Unamwona mtu anabonyeza pasipobonyezeka na koo lako linawasha. Lakini alipofika safari ya tatu, mama wa arobaini akaingia, na nikaona. Nikaona mara ya kwanza kwa huyu, mara ya pili kwa mwingine, mara ya tatu kwa yule wa siku ya 112, ambaye alikuwa ameshapata ujanja wake: mama akiingia yeye aliinua kidole gumba, akasubiri, akahesabu polepole chini ya pumzi, kisha akaendelea.

Mama alikuwa anazungumza. Nilimwandikia sentensi nne. Alieleza ametoka wapi, anaenda wapi, vitambaa ni vya nini, na kwamba Mungu atamlipa kijana wa watu. Nilizipenda sana zile sentensi. Na kisanduku cha maneno yake kilipofunguka kilifunika kitufe cha chenji kwa sekunde sita, huku abiria watatu nyuma wanapiga kelele wanadai zao, na saa inakimbia.

Hakuna aliyemchukia mama. Walikuwa wanachukia maandishi yangu.

Nilicheka peke yangu hadi wakanigeukia. Mwandishi mzima, niliyeenda Jeevanjee kutetea sanaa yangu dhidi ya umati, kumbe kidonda kilikuwa sentensi zangu nne. Yule wa nyota moja alikuwa amesema kweli kuhusu maumivu. Alikosea dawa tu, na dawa haikuwa kazi yake.

Kuna kisa maarufu cha aina hiyo. Mwaka 2012 BioWare walitoa Mass Effect 3, na wachezaji wakaka moto kuhusu mwisho wake. Wengi walidai mwisho mwingine kabisa. Mwezi wa Juni mwaka huohuo BioWare wakatoa nyongeza ya bure. Hawakufuta mwisho wao. Waliurefusha, wakaonyesha yaliyowapata watu ambao mchezaji alikuwa amewapigania. Kuna ambao hawakuridhika hadi leo, na hiyo ni haki yao. Ila naona pale mtu aliyeuliza panabana wapi kabla ya kushika mkasi, japo aliuliza akiwa amechelewa.

Jumapili nilimpigia patna. Sikuomba msamaha, naye hakuomba. Nilimwambia kuhusu kidole gumba. Kulikuwa na kimya, kisha nikasikia kibodi. "Kisanduku nakihamisha juu," akasema. "Wewe punguza maneno." Nikapunguza. Sentensi nne zikawa moja: "Niko na forty, kijana."

Tulianza kupalilia. Hatua ya kuendesha gari ikatoka, na wiki tatu za usingizi wake zikaenda nayo. Hiyo ilimuuma na sikumfariji vizuri. Hongo ikatoka. Taa za bluu zikabaki kwa sababu hazikuwa nzito na zinapendeza. Tukarudi MB 38. Nyota zikashuka hadi 3.6, maana waliokuja kwa ajili ya kuendesha gari walikasirika, na wana haki, tuliwaahidi kitu tukakichukua. Kuna mmoja alituandikia matusi ambayo siwezi kuyaweka hapa. Niliyasoma kama mara nne, nikiwa ndani ya 46. Safari hii sikuandika kwa patna.

Kuna maoni tuliyoyakataa moja kwa moja. Watu kadhaa, watu wazuri, walitaka ukimbeba mama upate kitu: pointi, baraka, abiria wa ziada. Nilimwangalia kijana wa maji akimbeba karibu kila mara na kumshusha siku ambazo hesabu imembana sana, na kwamba siku hizo alisonya kidogo, kwa sauti ya chini. Ukilipia huruma, kile kisonyo kinapotea. Sina njia ya kumthibitishia mtu hilo. Nimeamua tu, na hilo nimegundua ni sehemu ya kazi ambayo hakuna wa kukufanyia.

Na kuna maoni tuliyoyapokea mara moja bila kuuliza lolote. Donda mmoja wa ukweli, wa gari letu, aliicheza tukiwa tumekwama kwenye foleni ya Lavington. Alicheza dakika tano, akanirudishia simu. "Mbona hakuna mtu analipa na M-Pesa?"

Nilibaki mdomo wazi. Nusu ya gari lile ilikuwa imelipa kwa simu mbele ya macho yangu. Kadi zililetwa na wakubwa zikakwama. M-Pesa iliingia kwenye matatu kwa mlango wa nyuma, abiria na makanga wakaelewana wenyewe. Na sisi tulikuwa tumetengeneza gemu ya nauli bila M-Pesa, kwa sababu mimi nilikuwa naandika matatu za kumbukumbu yangu. Sasa iko, pamoja na yule abiria anayekuambia "imeenda, angalia message" na haijaenda.

Kwa hiyo nikiulizwa, je, mtengenezaji awaache wachezaji waiunde gemu yake, jibu langu ni refu kuliko ndiyo au hapana. Anayecheza anajua panapobana kuliko wewe, na ukimbishia hapo wewe ni mjinga. Anayejua maisha unayoyaigiza anajua ulichosahau, na huyo mtafute hata kama hajaandika neno. Lakini mkasi ukishamwachia kila apitaye, utabaki na nguo isiyomfaa hata mmoja wao. Na ukumbuke kwamba anayekupenda zaidi pengine hana bando ya kukuambia.

Donda haijatutajirisha. Patna alipata kazi Westlands na sasa tunaishughulikia wikendi. Mimi bado ninaandika insha za watu. Wiki iliyopita klaenti aliniandikia saa nane usiku, "Sijapenda, fanya upya." Mikono ilishaanza kufuta. Nikaisimamisha, nikamuuliza ni wapi hasa panapomsumbua. Nilikaa macho saa nzima nikisubiri nyota zangu zianguke. Akajibu kwamba ni aya ya pili tu, hakuelewa neno moja. Nikabadilisha neno.

Sijasema bado yule mama ametoka wapi. Nilikuwa kidato cha kwanza. Tulikuwa tunaenda Biashara Street na mamangu kununua kitambaa cha sare alizokuwa ameahidi kushona, na ndani ya matatu akagundua nauli haitoshi. Nilitazama dirishani nikijifanya simjui. Donda akasema, "Kaa tu, mathe," akapita kwenda kwa abiria wa nyuma, na hakutaja tena. Sijawahi kumwambia mama kwamba nakumbuka.

Juzi aliomba aone huo mchezo wa kidonda. Nikamshikisha simu, nikakaa nyuma yake, nikafunga mdomo. Alicheza polepole, akiwapa watu chenji kwa adabu, akisema asante kwa sauti. Safari ya tatu mama mwenye mfuko wa vitambaa akaingia. *Niko na forty, kijana.*

Mama aliitazama skrini muda mrefu. Saa ikaisha, abiria wakakasirika, siku ikaharibika.

"Ilikuwa thate," akasema. "Nilikuwa nimepungukiwa na ishirini."

Akanirudishia simu, akarudi kwenye cherehani. Usiku huo nikabadilisha.